Mikwaruzo ya vioo: Ipi huondoka nyumbani na ipi si ya kuchezewa

MEZA ya kioo ni fahari ya sebule, lakini kuisugua mara moja tu kwa waya wa sufuria kwatosha kuiharibu sura. Aghalabu mwenye meza hukimbilia dawa ya meno, akiamini kwamba itaziba mkwaruzo.

Haizibi. Kioo kilichokwaruzwa kimepoteza sehemu yake, na hakuna cha kupaka kitakachoirejesha. Anayeking'arisha husaga eneo linalouzunguka mkwaruzo hadi liwe sawa na kina chake, ili nuru ipite bila kutawanyika.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, osha kioo kwa maji na sabuni, ukikaushe, kisha upitishe ukucha juu ya alama. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo ni wa juujuu na waweza kujaribu kuuondoa. Ukinasa, mwachie fundi, kwani itakubidi usage kioo kingi mno.

Kwa alama hafifu sana, dawa ya meno nyeupe, isiyo ya jeli, yaweza kusaidia. Itie kidogo kwenye kitambaa laini chenye unyevu, sugua kwa kuzungusha dakika chache, kisha ufute.

Ikiwa alama ingalipo, mafundi wa vioo hutumia unga wa oksidi ya seriamu. Ukoroge kwa maji hadi uwe kama uji mzito, usugue kwa kitambaa cha sufu huku ukinyunyiza maji ili usikauke. Msuguano mkavu huzua joto, na joto likizidi mahali pamoja laweza kupasua kioo. Jihadhari pia usivute vumbi la unga huo.

Hata hivyo, si kila kioo hustahimili ung'arishaji huu. Lenzi nyingi za miwani ni za plastiki iliyopakwa utando, na ukizisugua kwa dawa ya meno utazidisha madhara. Vioo vingi vya simu pia vina utando mwembamba unaobanduka ukisuguliwa.

Kioo cha mbele cha gari ndicho cha kuogopwa zaidi. Kusugua sehemu moja kwaweza kuacha bonde dogo ambalo mchana halionekani. Usiku, mwanga wa magari yanayokuja hupinda hapo na kumsumbua dereva macho. Ikiwa mkwaruzo wa kina uko mbele ya macho yake, ni heri kioo kibadilishwe.

Kinga, basi, ni bora kuliko tiba. Katika kipimo cha Mohs, ugumu wa kioo cha kawaida ni takriban 5.5, ilhali kwatzi, madini yaliyo tele mchangani, ina 7. Ndiyo maana vumbi la barabarani hukikwaruza kioo. Mwagia kioo maji kabla ya kukifuta, na usiwashe waipa za gari kioo kikiwa kikavu na chenye vumbi.