Kumpenda Franco si lazima kuupenda kila wimbo wake
Kalundu, bandari ya Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, mtu anaweza kulipenda gitaa la Franco Luambo Makiadi na bado akazima redio unapopigwa "Candidat na biso Mobutu".

Wimbo huo ulivuma mwaka 1984, Mobutu Sese Seko alipokuwa mgombea pekee wa urais wa Zaire. Muziki ni wa TP OK Jazz ileile iliyotoa "Mario" mwaka 1985. Tatizo ni maneno yake, yanayomnadi mtawala asiye na mpinzani.

Franco mwenyewe aliwahi kuonja ukali wa utawala huo: mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo zilizodaiwa kuvunja maadili.

Kwa Uvira, suala hili lina uzito wake. Mji huo ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kutekwa na waasi wa AFDL, Oktoba 1996, katika vita vilivyomng'oa Mobutu Mei 1997. Franco hakuyashuhudia hayo; alifariki 12 Oktoba 1989.

Kuukataa wimbo mmoja si kumkana mwanamuziki. Anayemsikiliza kwa makini ndiye anayetambua lini gitaa lilipigiwa watu, na lini lilipigiwa mkubwa.