Msimu, Ukumbi na Picha: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipia Harusi

Familia nyingi za Kaunti ya Mombasa huanza mipango ya harusi kwa kutafuta ukumbi. Ukumbi ukipatikana, tarehe hufuata nafasi iliyoko, na mpiga picha hutafutwa mwishoni kwa pesa zilizosalia. Utaratibu huo ndio huzaa hasara: turubai linalovuja mwezi wa Mei, wageni wanaofika ufuoni na kukuta bahari imefunika mchanga wote, au picha za wanawake waliovua buibui ndani ya ukumbi kuonekana kwenye simu za watu wasiowajua.

Msimu, mahali na picha ni mambo yanayotegemeana. Uamuzi wa moja hubadilisha gharama ya mengine mawili. Makala haya yanaeleza jinsi wakazi wanavyoweza kuyapima pamoja kabla ya kutoa malipo ya awali, ambayo mara nyingi hayarudishwi.

Majira yatangulie

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari ni miezi mikavu, yenye anga safi, lakini joto lake ni kali. Julai na Agosti ni miezi ya baridi kiasi, ila upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na manyunyu hayakosekani.

Hakuna mwezi usio na kasoro. Harusi ya Februari haihitaji turubai la mvua, lakini inahitaji kivuli, feni na maji mengi ya kunywa, hasa kwa wazee na watoto. Harusi ya Agosti huwapunguzia wageni joto, lakini upepo huangusha mapambo na huingia kwenye vipaza sauti. Aprili, Mei na Juni ni msimu wa watalii wachache, hivyo ni rahisi zaidi kujadiliana bei na hoteli za pwani. Anayechagua miezi ya masika kwa sababu ya bei anapaswa kuhesabu tangu mwanzo kwamba shughuli yote itafanyika chini ya paa.

Kalenda za dini na za shule nazo zina uzito. Harusi nyingi za Kiislamu hurundikana mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, na Mfunguo Mosi baada ya Idi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, miezi hiyo husogea mapema kila mwaka na huweza kuangukia masika. Katika makanisa kadhaa, harusi hazifungwi kwa kawaida wakati wa Kwaresima. Desemba ndugu wa bara huwa likizoni, lakini wakati huo huo kumbi, wapishi na tiketi za treni hugombaniwa.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, pamoja na utabiri wa siku chache zijazo. Utabiri wa msimu unasaidia kuchagua kati ya ukumbi na uwanja. Ule wa siku chache unasaidia kuamua kama turubai la akiba litasimamishwa.

Ufuoni, bahari ndiyo mwenye nyumba

Wanaotaka kufunga ndoa ufuoni, iwe Nyali, Shanzu au Shelly, wanapaswa kuangalia jedwali la maji kabla ya kuandika saa kwenye kadi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita tatu. Siku hizo maji hujaa zaidi mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, wakati ule ule ambao familia nyingi hupanga viti mchangani. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji la kila mwaka, na wavuvi wa eneo husika wanazijua saa hizo kwa kichwa.

Jambo la pili ni la kisheria. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kukodisha bustani yake, lakini haiwezi kuwafungia wavuvi, wachuuzi au watoto wanaoogelea njia ya kupita ufuoni. Familia inayotaka faragha kamili inahitaji ukumbi.

Tatu, tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe, sahani na mirija, haziruhusiwi katika fuo, mbuga, misitu na maeneo ya hifadhi. Mpishi anapaswa kuelezwa hivyo mapema, kwa kuwa vyombo vya kuosha vinahitaji wafanyakazi zaidi na maji zaidi.

Ukumbini na mtaani

Kabla ya kulipia ukumbi, ni vyema kuutembelea saa ile ile ambayo harusi itafanyika. Ukumbi uliokuwa baridi saa tatu asubuhi unaweza kuwa tanuri saa tisa alasiri. Maswali ya msingi ni haya: kuna jenereta, na mafuta yake analipa nani? Milango ya dharura inafunguka? Vyoo vinatosha? Mgeni wa kiti cha magurudumu ataingilia wapi? Kwa sherehe za wanawake kama kupamba, swali la ziada ni kama madirisha yanazuia kuonekana ndani na bado hewa inapita.

Idadi ya wageni nayo isemwe kwa ukweli. Mwaliko wa watu 250 ukileta 300, hilo ni ongezeko la asilimia 20 katika chakula, viti na maji. Harusi za Pwani hazina desturi ya kumrudisha mgeni mlangoni, hivyo ni heri kulipia sahani za ziada kuliko kulipia mapambo ya ziada.

Njia ya kufika ihesabiwe pia. Wageni wanaotoka Likoni au Kwale kwenda kisiwani wanategemea feri, na foleni ya mwisho wa wiki haitabiriki. Wenye magari wanaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu, ingawa wengine watatumia mafuta zaidi. Kadi ikiandika saa nane, shughuli muhimu isianze kabla ya saa tisa.

Harusi ya mtaani bado ndiyo nafuu zaidi, na ndiyo inayowakusanya majirani wote. Hata hivyo, turubai halipaswi kufunga barabara bila idhini, wala kuziba njia ya ambulensi na gari la zimamoto. Udhibiti wa kelele ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na viwango vinavyoruhusiwa baada ya hapo ni vya chini zaidi. Wakazi wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu wanashauriwa kuulizia vibali katika ofisi ya kaunti ndogo yao mapema, badala ya kungoja wiki ya harusi.

Mwanga na saa za picha

Gharama ya picha haiko kwenye kamera peke yake. Mombasa jua huzama kati ya takriban saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kulingana na mwezi, na giza huingia upesi. Mwanga mzuri zaidi wa jioni hudumu kama saa moja tu kabla ya hapo. Ratiba ikichelewa saa moja, mwanga huo umekwenda, hata mpiga picha awe hodari namna gani.

Pia, pwani yetu inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama upande wa bara. Wanaotamani picha ya jua likigusa maji wanapaswa kuamka alfajiri. Mchana wa saa sita, jua likiwa utosini, nyuso hupata vivuli vizito chini ya macho, na kivuli cha mti au baraza hufaa kuliko uwanja wazi.

Kupiga picha Fort Jesus, ngome iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2011, kunahitaji mpango wa mapema na usimamizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mji wa Kale ni makazi ya watu. Mlango wa nakshi unaopendeza kwenye picha ni mlango wa nyumba ya mtu, na mwenyewe aombwe. Anayetaka picha za droni anapaswa kuhakikisha kuwa mrushaji ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya. Mombasa ina uwanja wa ndege, bandari na kambi ya jeshi la wanamaji, na si kila anga iko wazi.

Picha hizi ni za nani?

Hapa ndipo familia nyingi hunyamaza, na ndipo madhara huwa makubwa zaidi. Katika sherehe za wanawake, wageni huvaa na kucheza kwa uhuru wakiamini kuwa hakuna mwanamume anayewaona. Picha moja ikitoka, imani hiyo huvunjika na haiwezi kurudishwa. Ndiyo maana familia nyingi hukusanya simu mlangoni na kuajiri mpiga picha mwanamke.

Hatua hizo hazitoshi ikiwa haijulikani faili zinakwenda wapi baada ya sherehe. Nani atazihariri? Zitahifadhiwa kwenye kompyuta ya nani, kwa muda gani? Je, mpiga picha ataziweka mtandaoni kutangaza kazi yake? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi. Biashara inayotaka kuitumia kwa matangazo inahitaji ridhaa, na ridhaa hiyo inaweza kuondolewa. Picha ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Anayeona haki yake imevunjwa anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Yaandikwe

Ahadi ya mdomo hupotea siku ya mgogoro. Makubaliano na ukumbi au mpiga picha, hata ya ukurasa mmoja, yataje:

- tarehe, saa za kuanza na kumaliza, na bei ya saa za ziada;
- kiasi kilicholipwa, na kitakachorudishwa harusi ikiahirishwa kwa mvua, msiba au ugonjwa;
- jina la atakayepiga picha siku hiyo, na nani atashika nafasi yake akiugua;
- siku ya kukabidhi picha, na lini nakala za mpiga picha zitafutwa;
- picha zipi haziruhusiwi kuchapishwa kabisa.

Malipo yakifanywa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho uhifadhiwe. Kiasi kinachobaki kilipwe kwa awamu, na sehemu ya mwisho ya mpiga picha itolewe kazi inapokabidhiwa.

Kabla ya yote, tarehe ilingane na sheria. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, wanaofunga ndoa ya kiserikali hutoa taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 21 kwa msajili na kwa msimamizi wa mahali ndoa itakapofungwa. Hivyo kubadilisha ukumbi dakika za mwisho kunaweza kugusa taarifa hiyo pia. Ndoa za kimila nazo msajili ajulishwe ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika.

Bajeti ikibana, kinachopunguzwa kwanza kiwe kile ambacho wageni hawatakikumbuka mwezi mmodja baadaye. Kivuli, chakula cha kutosha, njia salama ya kurudi nyumbani na stara ya waliohudhuria havipaswi kuguswa.