Je, Progresivu Skani Husafisha Picha ya Deki?

Likizo iliyopita baba mdogo, hapa Mpanda, alikuwa tayari kuuza magunia mawili ya mpunga ili anunue deki mpya ya DVD. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba deki ile ina progresivu skani, na kwamba ingesafisha picha ya televisheni yake ya chogo. Nilimwomba angoje kwanza. Napenda niwaeleze sababu.

Picha ya DVD ya mtindo wa PAL, uliozoeleka Tanzania, ina mistari 576. Televisheni ya chogo haichori mistari hiyo yote kwa mkupuo mmoja. Huchora kwanza mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea. Kisha hurudi juu kuchora ya shufwa. Nusu picha 50 hupita kila sekunde, nalo jicho huziunganisha. Progresivu skani ni kuchora mistari yote kwa mfululizo, toka juu hadi chini. Hapo mtetemo wa mistari hupungua, na maandishi madogo husomeka vizuri zaidi.

Filamu za sinema ndizo hufaidika sana, kwa kuwa nusu zote mbili hutoka katika picha moja, nazo hushikamana barabara. Mpira uliopigwa kwa kamera ya televisheni ni tofauti. Kati ya nusu moja na nyingine hupita sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na mchezaji amekwisha kusogea. Zikiunganishwa ovyo, ukingo wa mwili wake huonekana kama meno ya kitana.

Lakini faida hiyo ina masharti. Kwanza, televisheni iwe na uwezo wa kuipokea picha hiyo. Nyingi za chogo hazina. Pili, waya wa njano hauipitishi. Zatakiwa waya tatu, kijani, buluu na nyekundu, au waya wa HDMI. Tatu, televisheni bapa huziunganisha nusu hizo yenyewe. Kwa hiyo deki huongeza kitu iwapo tu inaunganisha kwa ustadi zaidi.

Tulipoigeuza televisheni ya baba mdogo, tulikuta tundu moja tu la picha, la njano. Mpunga ukabaki ghalani. Basi, wazazi wetu, kabla hamjafungua mkoba dukani, igeuzeni kwanza televisheni nyumbani mtazame matundu yake.