Maji ya Kuoga Yasiishie Ngamani

Bafu la nchi kavu halimsumbui fundi: sakafu inainamishwa kidogo, maji yanashuka yenyewe mpaka shimoni. Kwenye mashua ya tanga ya faibaglasi yenye urefu wa mita 10 hivi, sakafu ya bafu mara nyingi iko chini ya usawa wa bahari iliyo nje. Ukitoboa tundu ili maji yatoke, bahari ndiyo itakayoingia, tena bila kusita: tundu la milimita 25, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika.

Wengine hukata shauri la haraka. Wanayaacha maji ya kuoga yatiririkie ngamani, pampu ya ngama iyafue pamoja na mengine. Huo ni ubahili unaogharimu. Sabuni, nywele na mafuta ya mwili hushikana yakawa utando wa kijivu wenye harufu, na utando huo hunasa boya la swichi. Boya likinasa, pampu iliyowekwa kuokoa chombo haitaamka siku maji yakipanda.

Bafu lipewe pampu yake.

Njia iliyozoeleka ni kisanduku cha plastiki chini ya sakafu, chenye kichujio, pampu ndogo ya volti 12 na swichi ya boya. Maji yakijaa boya linapanda, pampu inawaka, yakipungua inazima. Tatizo liko kwenye mpira wa kutolea maji. Mpira wa milimita 25 wenye urefu wa mita 3 hubeba karibu lita moja na nusu, na pampu ikizima maji hayo hurudi kisandukuni, boya linapanda tena, pampu inawaka tena, hivyo hivyo mpaka betri inachoka. Mafundi wengine hufunga vali ya kuzuia maji kurudi. Unywele mmoja tu unatosha kuiacha wazi. Afadhali mpira uwe mfupi.

Njia ya pili ni pampu ya kiwambo, inayonyonya moja kwa moja kutoka sakafuni na kuwashwa kwa kitufe na anayeoga. Ina vali zake za ndani, na haidhuriki upesi ikivuta hewa. Ina kelele, lakini kwa bafu dogo ndiyo bora: hakuna kisanduku cha kusugua, wala boya la kunasa.

Pampu yoyote itakayochaguliwa, maji yatoke ubavuni juu ya mstari wa maji. Hata hapo pana mtego. Upepo ukikilaza chombo, tundu hilo linazama, na bahari inaweza kuvutwa ndani kupitia mpira uleule. Ndiyo maana mpira hupandishwa kwanza karibu na usawa wa sitaha, ukapindwa, ukawekewa vali ndogo ya kuingiza hewa kileleni, ndipo ukashuka kwenye tundu. Hapo tunduni pawe na koki imara, klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, na kigingi cha mti laini kilichofungwa kando kwa kamba, cha kuziba tundu koki ikivunjika.

Kichujio kisafishwe kila wiki mashua inapokaliwa. Na kabla ya kushuka pwani kuiacha mashua peke yake, funga koki hiyo.