Chawa wa Ndege na Uaminifu wa Shahidi

Tarehe 19 Oktoba 1905, katika milima ya Nandi, magharibi mwa nchi jirani ya Kenya, ofisa kijana wa jeshi la kikoloni la Waingereza alikutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeongoza upinzani dhidi ya ukoloni. Mkutano huo uliitwa kuwa wa mazungumzo ya amani. Koitalel hakuondoka hapo akiwa hai. Ofisa huyo, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi, kisha akaeleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa amewekewa mtego. Mabaraza ya uchunguzi ya jeshi lake yalimwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Kenya. Wanandi hawakuukubali ushahidi wake wala hawakuusahau. Fimbo za Koitalel, zilizochukuliwa siku ile, zilirejeshwa Kenya mwaka 2006, baada ya miaka mia moja na mmoja.

Jina la ofisa huyo limebaki pia katika taaluma ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, iko mbali kabisa na vita. Taaluma hiyo ni ya kuwatambua chawa wa ndege. Meinertzhagen alikuwa mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa wadudu hao katika karne ya ishirini, na habari zake katika kazi hiyo zinaonyesha jinsi elimu nzima inavyoweza kutegemea uaminifu wa mtu mmoja anayeandika maneno machache juu ya kikaratasi.

Askari hahitaji kuelezwa chawa ni nani. Chawa wa mwili wa binadamu ameangamiza majeshi mengi kuliko mizinga. Mwaka 1909, huko Tunis, daktari Mfaransa Charles Nicolle alithibitisha kwamba chawa huyo ndiye aenezaye homa ya tifasi, ambayo si homa ya matumbo, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Tangu hapo usafi wa nguo na wa mahema ukawa sehemu ya ulinzi. Chawa wa ndege ni ndugu wa mbali wa chawa huyo. Naye hana mabawa, ana miguu sita na mwili bapa. Lakini walio wengi hawanyonyi damu, bali hutafuna manyoya kwa taya zao, na hawawezi kuishi juu ya mwili wa binadamu.

Aina za chawa wa ndege zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 4,000. Wingi huo unatokana na maisha yao. Chawa wa ndege huzaliwa, hula, huzaa na kufa juu ya ndege. Mayai yake huyagandisha kwenye manyoya. Akianguka chini hufa baada ya siku chache. Kwa kawaida huhama tu pale miili miwili inapogusana: mama na kifaranga ndani ya kiota, au dume na jike. Kwa hiyo kila ukoo wa ndege umekaa na chawa wake kwa vizazi vingi, na chawa hao wamebadilika umbo kulingana na mahali wanapojificha. Adui yao mkubwa ni mdomo wa ndege, unaochambua manyoya kila siku. Anayekaa kwenye bawa ni mwembamba na mrefu, apate kulala katikati ya nyuzi za unyoya. Anayekaa kichwani, ambako mdomo wa ndege haufiki, ni mnene na mzito.

Sasa, mtaalamu hujuaje kwamba chawa aliye mbele yake hajapata kuonekana na kupewa jina? Kwanza, chawa hutolewa katika manyoya ya ndege na kuhifadhiwa katika kileo kikali kisichoozesha. Kisha hutiwa katika dawa ya kuyeyusha nyama laini ya ndani, ili libaki gamba la nje tu, jembamba na angavu. Gamba hilo hulazwa juu ya kipande cha kioo, hufunikwa kwa gundi isiyozuia mwanga, na kutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo upelelezi unapoanza. Mtaalamu hupima urefu wa kichwa na upana wake. Huhesabu vinyweleo kwenye kila pingili ya tumbo, na kuangalia kila kimoja kimeota wapi. Huchunguza kwa makini viungo vya uzazi vya dume, kwa kuwa mara nyingi aina mbili zinazofanana kwa kila kitu hutofautiana hapo tu. Siku hizi hulinganisha pia chembe za urithi.

Baada ya hapo hufanyika jambo lililo kama gwaride la utambuzi katika kituo cha polisi. Chawa huyo hulinganishwa na wenziwe wote wa karibu waliokwisha kupewa majina. Kwa kila jina yupo mdudu mmoja, aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho, ambaye ndiye kielelezo cha asili cha jina hilo. Pakizuka ubishi, huyo ndiye huletwa mbele. Mtaalamu akiridhika kwamba mgeni wake hafanani na yeyote kati yao, huandika maelezo, huchora picha, humpa jina la maneno mawili na kulichapisha. Asipochapisha, jina hilo halihesabiwi.

Kazi hiyo ya kulinganisha haiwezekani bila orodha, na kwa upande huu nchi jirani ya Uganda ina nafasi yake katika historia. G. H. E. Hopkins, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi akiwa mtaalamu wa wadudu, alishirikiana na Bi. Theresa Clay wa jumba la makumbusho la London kutoa orodha ya chawa hao mwaka 1952. Orodha hiyo ilikuwa nguzo ya taaluma hiyo kwa nusu karne, hadi ilipotolewa nyingine kubwa nchini Marekani mwaka 2003.

Lakini hadubini, vipimo na orodha, vyote havitoshi iwapo kitu kimoja kitakosekana. Kitu hicho ni lebo. Chawa juu ya kioo hawezi kusema ametoka wapi. Lebo ndiyo inayosema: ametolewa kwa ndege gani, mahali gani, tarehe gani, na nani. Kila polisi anaelewa jambo hilo. Kisu kisicho na maandishi yanayoonyesha kilipookotwa, na nani, na kimepitia mikononi mwa nani, si kielelezo mbele ya hakimu. Ni kisu tu.

Kosa katika lebo laweza kuingia bila nia mbaya. Mwindaji akiwatia ndege wawili katika mfuko mmoja, chawa wa yule anayepoa huhamia kwa mwenzake, na mtaalamu huandika kwa moyo safi jambo lisilo kweli. Ndiyo sababu wakusanyaji waangalifu humfunga kila ndege peke yake mara anapopatikana.

Mfano mzuri wa makosa ya namna hiyo ni ule wa njiwa wa Marekani ya Kaskazini aliyekuwa akiruka kwa makundi ya kuziba jua, kisha akawindwa hadi akatoweka. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Chawa wawili walipata kuelezwa kuwa ni wake peke yake, na ikadhaniwa kwamba nao wametoweka pamoja naye. Mmoja alielezwa mwaka 1937 na kupewa jina la Columbicola extinctus, yaani aliyetoweka. Mwaka 1999 wataalamu Dale Clayton na Roger Price walieleza kwamba chawa huyo yu hai juu ya njiwa mwingine wa bara hilohilo. Wa pili alielezwa mwaka 1969. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba kwa hakika alikuwa chawa wa njiwa wa Australia aliyekwisha kuwa na jina tangu karne ya kumi na tisa. Inaelekea alijikuta penye ngozi isiyo yake. Hivyo mmoja alidhaniwa amekufa naye yu hai, na mwingine alihesabiwa kuwa mpya naye ni wa zamani.

Makosa ya namna hiyo husahihishwa na wenzi wenye subira. Ulio mgumu zaidi ni uongo wa makusudi, na hapo ndipo anaporudi Meinertzhagen. Baada ya Kenya alikuwa ofisa wa upelelezi wa Waingereza waliposhindwa huko Tanga mwezi Novemba 1914. Baada ya vita hiyo alijijengea sifa katika elimu ya ndege. Pamoja na Bi. Clay alieleza aina mpya za chawa, na mkusanyo wake wa chawa na wa ngozi za ndege zipatazo 20,000 ukaingia katika jumba la makumbusho la London. Alikufa mwaka 1967 akiwa na heshima zake.

Hata hivyo, dalili zilikuwapo tangu mapema. Mwaka 1919 alifungiwa mlango wa chumba cha ndege cha jumba hilo kwa miezi kumi na minane kwa kuchukua ngozi bila idhini. Mwaka 1993 mtaalamu Alan Knox alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya ngozi za Meinertzhagen ziliibwa katika mikusanyo ya watu wengine na kuandikiwa lebo za uongo. Mwaka 1999 Pamela Rasmussen na Nigel Collar walieleza kisa cha bundi mdogo wa misitu ya India. Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914. Wataalamu hao walitazama jinsi ngozi ilivyoshonwa na kujazwa pamba, wakagundua kwamba ilikuwa ngozi ya karne ya kumi na tisa, ya mkusanyaji mwingine, iliyofumuliwa na kushonwa upya. Kabla ya hapo watu walikuwa wakimtafuta bundi huyo pasipo mahali pake. Uongo ulipoondolewa na zikafuatwa lebo za kweli, bundi huyo alionekana akiwa hai mwezi Novemba 1997, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Hasara ya uongo huo haikomei kwenye ndege. Chawa hutambuliwa kwa jina la ndege aliyembeba. Palipo na shaka juu ya ndege, pana shaka juu ya chawa. Haina maana kwamba kila alichokusanya mtu huyo ni batili. Bila shaka nyingi ya lebo zake ni za kweli. Lakini hakuna awezaye kuzitenga kwa macho. Hivyo kila jambo linalotegemea lebo yake peke yake linahitaji shahidi wa pili, na vijana wa leo wanalazimika kurudi porini kuhakikisha yale ambayo yalipaswa kuwa yamekwisha kujulikana. Hata shajara zake za vita, ambamo Koitalel ametajwa, zimetiliwa shaka na wanahistoria.

Ndugu wasikilizaji, askari wa doria anayeandika taarifa yake usiku, na polisi anayefunga kielelezo na kutia saini juu yake, huenda wakadhani kwamba kazi hiyo ni ya makaratasi tu. Ukweli ni kwamba watu ambao hawatawaona kamwe, yaani hakimu, kamanda, au mwananchi aliye kizimbani, wataamua mambo makubwa kwa kuyaamini maneno hayo machache. Mdudu asiyezidi punje ya ufuta anahitaji shahidi mkweli ili apate jina lake la haki. Mwanadamu anamhitaji zaidi.