Kubana na Kubanua: Matumizi ya Kumbukumbu katika Tarakilishi za Zamani

Katika sarufi ya Kiswahili, kauli ya kutendua hugeuza tendo la kitenzi cha msingi: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, nayo bana huzaa banua. Jozi hii ya mwisho inatosha kueleza tatizo lililowakabili waandishi wa programu za tarakilishi za nyumbani katika miaka ya 1980. Faili iliyobanwa ili itoshee kwenye kaseti au diski ingebanuliwa wapi, ilhali kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu?

Tuchukue mfano wa ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982. Mashine yenye kilobaiti 48 ilikuwa na baiti 49,152 za kumbukumbu. Skrini pekee ilitumia baiti 6,912, zikasalia 42,240. Ikiwa faili iliyobanwa ina baiti 20,000, na ikibanuliwa inafikia 36,000, kuziweka zote mbili kando kwa kando kwahitaji baiti 56,000. Nafasi hiyo haipo.

Ufumbuzi wa kwanza unatokana na mbinu ambayo Abraham Lempel na Jacob Ziv waliichapisha mwaka 1977. Katika matini "vitabu vya Njiru, vitabu vya Ruai", sehemu "vitabu vya" pamoja na nafasi inayoifuata haina haja ya kuandikwa mara ya pili. Huandikwa agizo tu: rudi nyuma hatua 18, nakili herufi 11, nafasi zikihesabiwa pamoja. Matini iliyokwisha kubanuliwa ndiyo inayotumika kama kamusi. Maadamu ingali katika kumbukumbu, kamusi haitengewi nafasi ya ziada.

Ufumbuzi wa pili wafanana na busara ya mpangaji anayehamia nyumba ya chumba kimoja mtaani Njiru. Kwa kukosa ukumbi, huirundika mizigo yote kwenye ukuta wa nyuma, akaifungua mmoja baada ya mwingine, akianza na ulio karibu na mlango, huku akipanga vyombo kutoka mlangoni. Vivyo hivyo, faili iliyobanwa huwekwa mwishoni mwa eneo lilelile la kumbukumbu, na matini kamili huandikwa kuanzia mwanzo wake. Sharti ni moja: uandishi usiupite usomaji. Ukiupita, baiti ambazo hazijasomwa hufutwa na faili huharibika. Ndiyo maana huachwa pengo dogo la tahadhari. Kwa mfano uliotajwa, zinahitajika baiti 36,000, pengo hilo, na programu ya kubanua, ambayo yaweza kuandikwa kwa baiti zisizofika 200.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa Tanzania mwaka 2004, ilidhihirisha kwamba Kiswahili chaweza kuwa lugha ya menyu za tarakilishi. Kueleza utendakazi wa ndani wa mashine ni hatua nyingine. Mwanaisimu anayebuni istilahi za taaluma hii hana budi kwanza kuichunguza mofolojia ya lugha yake, kabla ya kukimbilia kukopa.