Njia ya Mandera Ipitayo Makongeni

Asimamaye Makongeni, mtaa wa Thika ambao jina lake humkumbusha msikilizaji mkonge, huyaona mabasi na malori yakishika Barabara ya Garissa kuelekea mashariki. Makala haya yanakusudia kueleza yaendako magari hayo, na kwa nini njia yao haitulii mahali pamoja.

Kutoka Thika, lami hupita Matuu na Mwingi, ikaingia nyika kavu ya Ukasi na Bangale, hadi daraja la Mto Tana mjini Garissa, yapata kilomita 370 kutoka Nairobi. Hapo njia hugawanyika. Moja huelekea Dadaab na Liboi, mpakani mwa Somalia. Nyingine hushika kaskazini kupitia Modogashe, Habaswein, Wajir na El Wak hadi Mandera.

Kigeuzi cha kwanza cha njia hii, ajabu ya jangwa, ni maji. Mvua inyeshapo, pasipo lami hugeuka tope, na madereva huchora njia mpya kando ya ile ya zamani. Mwaka 2018, na tena 2023, mafuriko ya Tana yaliikata barabara karibu na Madogo, abiria wakavushwa kwa mashua. Aprili 2024 mashua ilipinduka huko, watu wakafa.

Cha pili ni usalama. Novemba 2014, abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera. Walimu wengi waliofanya kazi huko wakakataa kurudi. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak, nao abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Cha tatu ni mipango ya serikali. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kuiboresha barabara itokayo Isiolo kupitia Modogashe na Wajir hadi Mandera. Isiolo ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa kikoloni kaskazini. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Magari ya njia hiyo yatapita Thika vilevile, ila hayatapinda kuja Makongeni.

Kwa mgonjwa wa Mandera, lami ni uhai, itokee upande wowote. Kwa mama auzaye chakula Mwingi, msafiri apitaye kwingine ni sahani isiyouzwa. Hatuna budi kuwakumbuka wote wawili tuisomapo ramani.